Tunajadili Sindano, Hatujadili Hati: Uhakiki wa Mijadala Yetu Juu ya Habari za Sayansi, Teknolojia na Sheria

Kujadili ni desturi ya Chama chetu tangu enzi za TANU na ASP. Katika kikao mwanachama hujifunza kupambanua kati ya rafiki na adui, kati ya jambo lenyewe na kivuli chake. Kwa hiyo namna tunavyojadili si suala dogo hata kidogo. Chama kinachojadili vibaya hufikiri vibaya, na kinachofikiri vibaya hutenda vibaya. Katika makala hii tunakusudia kuhakiki mjadala wa aina moja ambao umeenea katika madarasa yetu ya itikadi, katika matawi, na hata katika vijiwe vya kahawa, nao ni mjadala wa habari za sayansi, teknolojia na sheria. Uhakiki huu unaanza na sisi wenyewe wakufunzi wa elimu ya siasa, maana kosa tutakalolieleza tulilitenda sisi, mbele ya darasa, tukapigiwa makofi.

KISA CHA DARASA MOJA

Mwezi Juni 2024 ilitangazwa habari kubwa ya tiba. Dawa iitwayo lenakapaviri, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, ilikuwa imejaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda ili kuwakinga wasiambukizwe virusi vya UKIMWI. Miongoni mwa washiriki 2,134 waliodungwa sindano hiyo, hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa. Katika makundi mawili yaliyopewa vidonge vya kinga vya kila siku, walioambukizwa walikuwa 55.

Siku chache baadaye tuliipeleka habari hiyo darasani, katika mafunzo ya makatibu wa matawi. Mjadala ulikuwa moto. Upande mmoja ulishangilia: sayansi imeshinda, UKIMWI umekwisha, sasa kazi iliyobaki ni kungoja sindano ifike. Upande wa pili ulikunja uso: kwa nini majaribio yafanyike Afrika, kwa nini kwa wasichana wetu, bila shaka ipo njama. Saa mbili zikapita, pande mbili zikitupiana maneno kama mashabiki wa Simba na Yanga, kila upande ukiamini kwamba mwenye sauti kubwa ndiye mwenye hoja.

Karibu na mwisho akasimama ndugu mmoja, muuguzi wa zahanati ya kijijini, ambaye muda wote alikuwa kimya. Aliuliza swali moja: sindano hiyo itafika katika zahanati yake kwa bei gani, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kuamua bei hiyo? Darasa likanyamaza. Nasi tuliokuwa mbele ya darasa tukamjibu kwamba wahisani watasaidia, kama walivyosaidia katika dawa nyingine. Wakapiga makofi, tukafunga kikao.

Jibu lile halikuwa jibu. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe, na huduma za UKIMWI zikayumba katika nchi nyingi za Afrika. Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya mwaka 1967 kwamba fedha za misaada si msingi wa maendeleo, na kwamba taifa haliwezi kujiita huru huku uhai wake umo mfukoni mwa taifa jingine. Sisi tunaolifundisha Azimio hilo ndio tuliomjibu muuguzi kwa lugha ya ombaomba. Makala hii ni jaribio la kumjibu upya.

MAKOSA MAWILI YENYE MZIZI MMOJA

Kwa mtazamo wa haraka, washangiliaji na washuku ni watu wawili tofauti. Lakini tukichimba tutaona kwamba mzizi wao ni mmoja.

Mshangiliaji huiona sayansi kama mvua. Mvua hunyesha, mkulima hushukuru. Haoni kwamba nyuma ya kila dawa iko kazi ya watu: wataalamu wa maabara, wauguzi wa majaribio, wafanyakazi wa viwandani, na wale wasichana 2,134 waliotoa miili yao. Haulizi matunda ya kazi hiyo yamekwenda kwa nani. Hii ni kasumba ileile ya kikoloni iliyotufundisha kwamba vitu vizuri hushuka kutoka Ulaya, nasi kazi yetu ni kukinga mikono.

Mshuku naye hujiona mwanamapinduzi kwa sababu anawashuku mabeberu. La hasha! Kuwashuku mabeberu bila kuchambua njia zao si mapinduzi, ni woga uliovaa koti la mapinduzi. Ubeberu wa leo hauhitaji siri nyingi kiasi hicho. Silaha zake kubwa zimepigwa chapa, zimetiwa sahihi na mawaziri, na zinaweza kusomwa na yeyote. Mtu anayetafuta njama gizani huku mkataba umelala mezani mchana kweupe amemsaidia mnyonyaji bila kujua, maana amewageuza wenzake macho wasitazame pale penye jambo.

Mzizi wao ni huu: wote wawili wanajadili sindano, wala hawajadili hati. Wanabishana juu ya kitu, hawabishani juu ya uhusiano wa watu unaokitawala kitu hicho. Na hilo ndilo kosa la kimsingi katika uchambuzi, awe mtu anajadili dawa, mbegu, au mashine ya kompyuta.

HATI NI KITU GANI

Hati tunayoizungumzia inaitwa hataza. Ni haki inayotolewa na dola kwa mvumbuzi, au kwa kampuni iliyonunua uvumbuzi wake, ya kuwazuia watu wengine wote wasitengeneze, wasiuze wala wasiingize nchini kitu kile kwa muda fulani. Mkataba wa haki za ubunifu zinazohusu biashara, ujulikanao kama TRIPS, ulitiwa sahihi Marrakesh mwaka 1994 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani. Mkataba huo uliweka muda wa hataza kuwa si chini ya miaka 20 tangu siku ya kuombwa, na ukazitaka nchi wanachama zitoe hataza katika fani zote za teknolojia, dawa zikiwemo.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, hataza si sifa ya dawa. Huwezi kuiona katika darubini. Ni uhusiano baina ya watu, unaolindwa na mahakama, na forodha, na ikibidi askari. Bepari mwenye hataza anahitaji dola kama vile kabaila alivyoihitaji kulinda mipaka ya shamba asilolilima. Pili, hataza ni ya nchi kwa nchi. Pale isiposajiliwa, haina nguvu. Ndiyo maana mapambano juu yake hufanyika katika mabunge na mahakama za kila nchi, na ndiyo maana mwananchi asiyesoma sheria ya nchi yake hawezi kushiriki.

Maji ya kisima yakitekwa na wengi hupungua. Maarifa hayapungui yakichotwa na wengi. Mtu mia moja wakijua kutengeneza dawa, yule wa kwanza hasahau. Kwa hiyo uhaba wa dawa yenye hataza hauletwi na ukame, unaletwa na ua uliojengwa kuzunguka kisima. Tumezoea kuhesabu ardhi, viwanda na mabenki kuwa njia kuu za uchumi. Ni wakati sasa wa kuyaweka maarifa ya uzalishaji katika hesabu hiyo, na kuuliza kuhusu hayo swali lile lile tuliloliuliza kuhusu mengine: yako mikononi mwa nani?

SOMO LA AZT NA SOMO LA INDIA

Historia itatusaidia. Dawa ya kwanza ya kupambana na virusi vya UKIMWI, iitwayo AZT, haikuzaliwa katika maabara ya kampuni iliyoiuza. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964 na mwanasayansi Jerome Horwitz, mjini Detroit, kwa fedha za utafiti za Serikali ya Marekani, naye alikuwa akitafuta tiba ya saratani. Haikufaa kwa saratani, ikawekwa kando. Miaka ya 1980, watafiti wa taasisi ya saratani ya Serikali hiyo walisaidia kuthibitisha kwamba inapambana na virusi. Lakini hataza ilichukuliwa na kampuni ya Burroughs Wellcome, na dawa ilipoidhinishwa mwezi Machi 1987 bei yake ilikuwa karibu dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Fedha ya umma ilichimba kisima, kampuni ikajenga ua.

Sasa tuitazame India. Baada ya uhuru, nchi hiyo iliendelea kwa miaka mingi kutumia sheria ya hataza ya mwaka 1911 iliyoachwa na Waingereza, na dawa zake zilikuwa ghali. Mwaka 1970 Bunge lake lilitunga sheria mpya, iliyoanza kutumika 1972. Sheria hiyo ilikataa kutoa hataza kwa dawa yenyewe, ikaruhusu hataza kwa njia ya kuitengeneza tu, tena kwa muda mfupi. Mtaalamu aliyegundua njia nyingine ya kutengeneza dawa ile ile alikuwa huru kuitengeneza. Kifungu hicho kimoja kilizaa viwanda. Ndiyo sababu mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Bombay iliweza kutangaza mchanganyiko wa dawa tatu za kufubaza virusi kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wakati ambapo katika nchi tajiri tiba ya namna hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa dola 10,000 na zaidi.

Ni nini kilichoshusha bei? Si huruma. Sayansi ya dawa zile ilikuwa ni moja huko Bombay na huko New Jersey. Kilichotofautiana ni sheria. Mshangiliaji asiyejua sheria ya India ya 1970 hawezi kueleza kwa nini mamilioni ya Waafrika wako hai leo.

SAYANSI NAYO HAIRUKWI

Hapa lazima tujihadhari tusiangukie upande wa pili, tukadhani kwamba ukishaijua sheria basi sayansi haina maana. Afrika Kusini inatupa somo chungu.

Mwaka 1997 Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria ya dawa ili Serikali iweze kuagiza dawa za bei nafuu. Mwaka 1998 makampuni ya dawa, ambayo hatimaye yalifikia 39, yakaishitaki Serikali ya Mandela. Wananchi wakaandamana, vyama vya wafanyakazi vikasimama pamoja na wagonjwa, na dunia ikatazama. Tarehe 19 Aprili 2001 makampuni hayo yaliondoa kesi. Ulikuwa ushindi wa umma, nao uliandaa njia ya Azimio la Doha la mwezi Novemba mwaka ule ule, ambalo lilithibitisha kwamba mkataba wa TRIPS usizuie nchi kulinda afya ya watu wake.

Lakini nini kilifuata? Serikali ile ile iliyolindwa na wananchi mahakamani ilisita kugawa dawa, kwa sababu viongozi wake wa wakati huo walitia shaka kwamba virusi ndivyo vinavyoleta UKIMWI. Wananchi wale wale wakalazimika kurudi mahakamani, safari hii dhidi ya Serikali yao wenyewe, na mwezi Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru kinamama wajawazito wapewe dawa ya nevirapini ili wasiwaambukize watoto wao. Mlango wa sheria ulikuwa wazi, mlango wa sayansi ukafungwa kutoka ndani, na watu wakafa kati ya milango miwili.

Kwa hiyo, ndugu zetu washuku, shaka si sera. Mtu anayekataa ushahidi wa maabara kwa sababu maabara ni ya bepari amemwachia bepari maabara pamoja na ukweli. Msimamo sahihi ni kuupokea ukweli wa sayansi, na kuukataa ua uliojengwa kuuzunguka.

MAMBO YALIYO KARIBU NASI

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya India na Afrika Kusini. Basi tutazame Afrika Mashariki yetu.

Mwaka 2008 Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Nani angeipinga? Bidhaa bandia ni adui wa mwananchi. Lakini maana ya neno bandia katika sheria hiyo iliandikwa kwa upana kiasi kwamba dawa halali, iliyotengenezwa na kiwanda kingine bila jina la kibiashara la mwenye hataza, ingeweza kukamatwa kama bandia. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walisoma sheria hiyo, wakaona kaburi lao limo ndani yake, wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vile, kwa jinsi vilivyotishia upatikanaji wa dawa, vilikiuka haki ya uhai, ya utu na ya afya. Tujiulize: sheria hiyo ilipita kwa sababu ya njama ya usiku? La. Ilisomwa bungeni, ikachapishwa. Iliyokosekana ni macho ya wananchi wengi juu ya maana ya neno moja.

Rwanda nayo ina somo. Kwa nchi isiyo na kiwanda, ruhusa ya kutengeneza dawa ni sawa na ruhusa ya kuvua samaki kwa asiye na mtumbwi. Kwa sababu hiyo, mwezi Agosti 2003 Shirika la Biashara Duniani liliweka utaratibu wa nchi yenye kiwanda kutengeneza dawa kwa ajili ya nchi isiyo nacho. Rwanda ilipeleka taarifa yake mwezi Julai 2007. Shehena ya kwanza ya dawa za UKIMWI kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada iliondoka mwezi Septemba 2008. Zaidi ya mwaka mmoja kwa shehena moja! Utaratibu ulioandikwa kwa urefu hivyo, wenye fomu juu ya fomu, ni mlango uliochorwa ukutani.

Uganda ilichukua njia nyingine. Huko Luzira, Kampala, kiwanda cha dawa za UKIMWI na malaria kilifunguliwa mwaka 2007 kwa ushirikiano na Cipla. Kilisimama juu ya msamaha ambao nchi zenye maendeleo duni zilipewa Doha, yaani kutolazimika kulinda hataza za dawa. Msamaha huo ulikuwa hadi mwaka 2016, kisha mwezi Novemba 2015 ukaongezwa hadi tarehe 1 Januari 2033. Uganda iliuandika msamaha huo katika sheria yake ya mali ya viwandani ya mwaka 2014. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zenye haki ya msamaha huo. Kenya haimo, kwa kuwa haimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni. Hali kadhalika, nchi yoyote itakayotoka katika orodha hiyo, msamaha wake unakoma.

Ni makatibu wangapi wa matawi wanaoijua tarehe ya 1 Januari 2033? Sisi hatukuwafundisha.

KUMJIBU MUUGUZI

Sasa tunaweza kumjibu ndugu yetu muuguzi.

Mwezi Juni 2025 Marekani iliidhinisha sindano ile kwa kinga, na kampuni ya Gilead, yenye hataza, ikaiwekea bei ya dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kabla ya hapo, mwezi Oktoba 2024, kampuni hiyo ilitoa leseni kwa makampuni sita kutengeneza dawa hiyo kwa ajili ya nchi 120, na nchi yetu imo. Mwezi Julai 2025 ilikubaliana na Mfuko wa Dunia kutoa dawa bila faida kwa watu hadi milioni 2 katika muda wa miaka 3. Na mwezi Septemba 2025 ilitangazwa kwamba dawa itakayotengenezwa na makampuni yenye leseni itauzwa kwa dola 40 hivi kwa mwaka kuanzia 2027.

Dola 28,218 na dola 40, kwa dawa moja! Hili ni jambo jema kwa zahanati ya muuguzi wetu, wala hatulibezi. Mtu anayebeza dawa ya dola 40 hajawahi kumzika msichana wa miaka 20. Lakini mwanachama wa Chama hutazama pia ni nani ameshika kalamu. Orodha ya nchi 120 iliandikwa na mwenye hataza. Brazili, Argentina, Meksiko na Peru zilishiriki katika majaribio ya pili ya dawa hii, watu wao wakatoa miili yao kwa sayansi, na hazikuwekwa katika orodha. Uganda iliwatoa wasichana wake kwa majaribio ya kwanza, na inacho kiwanda. Lakini miongoni mwa makampuni sita yaliyopewa leseni hakuna hata moja la kusini mwa Sahara. Nayo India, iliyotukomboa kwa sheria ya 1970, ililazimika kurudisha hataza za dawa mwaka 2005, hivyo viwanda vyake sasa hungoja leseni mahali ambapo zamani havikuhitaji ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo jibu ni hili: bei ya dola 40 imepatikana kwa sababu viwanda kadhaa vitashindana, na ushindani huo umepatikana kwa sababu mwenye hataza ameamua kuuruhusu. Alichokiruhusu kwa kalamu anaweza kukinyima kwa kalamu. Tumepewa, hatujawa na haki. Kati ya kupewa na kuwa na haki ndipo palipo umbali wote wa kujitegemea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na safari hii neno kufa si methali.

HOJA YA WAPINZANI

Hatuna budi kuikabili hoja nzito ya upande wa pili. Wanasema: bila hataza hakuna atakayetia fedha katika utafiti, na bila utafiti hakuna sindano ya kujadili. Hoja hii si ya kipumbavu. Majaribio ya maelfu ya watu hugharimu fedha nyingi, dawa nyingi hushindwa njiani, na wanasayansi wa Gilead kweli walifanya kazi kubwa ya miaka mingi. Mjamaa asiyetambua gharama ya kazi si mjamaa.

Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba utafiti lazima ulipiwe. Haithibitishi kwamba lazima ulipiwe kwa njia ya ua. Kisa cha AZT kimetuonyesha umma ukilipa kwanza kwa kodi, kisha ukilipa mara ya pili dukani. Tena, nchi maskini ni sehemu ndogo sana ya soko la dawa duniani. Mkulima wa Tanzania akikosa dawa ya dola 10,000 hakuna maabara inayotajirika, kuna kaburi linaloongezeka tu. Na hata kama hataza itaendelea kuwapo, yako mambo yaliyomo ndani ya sheria yenyewe: leseni ya lazima, kiwango kikali cha uvumbuzi, msamaha. Mwezi Aprili 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliinyima kampuni ya Novartis hataza ya dawa ya saratani iitwayo Glivec, kwa sababu sheria ya India haikubali umbo jipya la dawa ya zamani kuitwa uvumbuzi ikiwa haiongezi tiba. Hakuna mkataba uliovunjwa. Iliyotumika ni sheria iliyoandikwa na watu waliokwisha kujadili vizuri.

Na pale nchi zinapochelewa kujadili, matokeo yanajulikana. Mwezi Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba hataza zisitishwe wakati wa UVIKO-19. Uamuzi ulitoka mwezi Juni 2022, ukahusu chanjo peke yake. Wakati huo nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuchanja watu wao.

MASWALI YA KILA KIKAO

Tukikosoa bila kupendekeza tumefanya nusu ya kazi. Tunapendekeza kwamba kila habari ya sayansi na teknolojia inayoletwa mbele ya darasa au tawi iulizwe maswali manne kabla mtu hajaruhusiwa kuishangilia au kuishuku.

Kwanza, kazi hii imefanywa na nani, kwa fedha ya nani, na miili ya nani ilijaribiwa? Pili, ushahidi wake ni upi, na umetokana na watu wangapi waliolinganishwa na nani? Tatu, hati yake iko kwa nani, inatumika katika nchi zipi, na mwisho wake ni lini? Nne, sheria zetu wenyewe na mikataba tuliyoitia sahihi inatupa nafasi gani, na tunaitumia au tumeitundika ukutani kama panga la babu?

Maswali haya yanamhusu mkulima anayeuziwa mbegu asiyoruhusiwa kuihifadhi, na kijana anayetumia programu ya kompyuta ambayo hajui masharti yake. Hayahitaji shahada. Wakenya watatu waliokwenda mahakamani hawakuwa wanasheria. Walikuwa wasomaji.

Sisi wakufunzi tuna deni la kwanza. Hatuwezi kuendelea kufundisha ubeberu kama hadithi ya Berlin ya 1884 peke yake, na kuwaacha makada wasijue ubeberu wa Marrakesh wa 1994. Sheria ya hataza ya nchi yetu ya mwaka 1987 isomwe darasani kifungu kwa kifungu, pamoja na msamaha wa 2033, na kila kada aeleze kwa maneno yake mwenyewe pale vinapokutana na pale vinapopishana. Kisha tumwalike tena ndugu yetu muuguzi, asimame, aulize swali lake. Safari hii tusimjibu kwa makofi.